Saa Zipoteazo Kabla ya Jembe Kugusa Udongo

Mkulima wa Kumsenga, katika vilima vya Kibondo, hana kengele ya kumwita kazini wala msimamizi wa kuliandika jina lake akichelewa. Kwa hiyo wengine hudhani ya kuwa habari za kutumia wakati vizuri zawahusu makarani na watu wa viwandani tu. Sisi twaona ni kinyume. Barua ambayo karani hakuiandika leo yaweza kuandikwa kesho, lakini mahindi yaliyopitwa na mvua za mwanzo hayana kesho.

Katika nchi ya Kibondo na Kasulu mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Mtu aliyekwisha kusafisha shamba, akakaza mpini wa jembe na kuchagua mbegu, hupanda mara ardhi ilowapo vema. Jirani yake siku hiyo ndipo atafuta mpini, kesho yake atafuta mbegu, na siku ya tatu aanza kufyeka. Wote wawili wametokwa na jasho, na huenda huyo wa pili limemtoka zaidi. Lakini magugu yake yataota pamoja na mahindi, na majuma yale ya kwanza ndiyo ambayo magugu huyadhuru mahindi kuliko wakati mwingine wote.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma ya kuwakusanya watu vijijini, na familia nyingi zikajikuta nyumba iko hapa, shamba liko kule. Tuseme ni mwendo wa saa moja. Kwenda na kurudi ni saa 2. Kwa siku 6 ni saa 12, yaani asubuhi mbili nzima za kulima. Tena aliyesahau panga nyumbani akalirudia, ametupa saa 2 nyingine. Mwendo wenyewe hatuwezi kuufuta. Twaweza lakini kuupa kazi: arudiye asirudi mikono mitupu, bali aje na kuni au majani ya mbuzi.

Hata kamba yaokoa saa. Mahindi yaliyopandwa kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, hupaliliwa upesi kuliko yaliyotawanywa ovyo, maana mpaliliaji hahitaji kutafuta mahali pa kupitisha jembe.

(Wala wa Kibondo asione haya redio ya Dar es Salaam ikisema ni saa 12 asubuhi na kwake kungali giza. Jua humfikia zaidi ya nusu saa baadaye, na jioni humlipa deni hilo.)

Liko jambo moja zito zaidi, nalo wanaume hawapendi kulisikia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao ni mapumziko. Zimo nyumba ambamo maneno hayo yangali kweli. Mama atoka shambani na mumewe saa ile ile. Baba aketi kivulini, mama ashika ndoo, kisha moto, kisha watoto. Baba husema kazi ya leo imekwisha. Imekwisha kwa nani?

Basi twashauri Jumamosi jioni baba na mama waketi pamoja, wayapange mambo ya juma lijalo: nani atanoa majembe, nani atabaki na mtoto, shamba lipi litaanza kupaliliwa. Na kabla ya hayo yote waulizane maji ya Jumapili yatatekwa na nani. Mwenye baiskeli na madumu mawili ni baba.