Siku ya Matembezi Empakaai: Mlaji Hulipia Nini?

Mlaji anayelipia matembezi ya miguu katika Hifadhi ya Ngorongoro hanunui mnyama. Hununua usafiri, kibali, kiongozi na ulinzi. Asiyeitambua tofauti hiyo huweza kutoa fedha kwa ahadi isiyotimizika. Kwa mfano, gorila wa milimani wanapatikana Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee. Anayekuahidi gorila Ngorongoro anakudanganya.

Safari ya Empakaai huanza Karatu alfajiri. Katika lango la Lodoare nyaraka hukaguliwa. Raia abebe kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kiingilio chake si sawa na cha mgeni. Kisha barabara hupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuendelea kupitia Nainokanoka. Asubuhi huwa na baridi na ukungu, na wakati wa masika njia hujaa tope. Uliza mapema iwapo gari linaimudu.

Kutoka ukingo wa Empakaai, wageni huteremka msituni kwa miguu hadi ziwa la magadi lililo chini, wakiongozwa na askari wa hifadhi mwenye silaha. Msituni wamo nyati. Kwa hiyo amri ya askari hufuatwa bila mabishano, wala mtu hajitengi na kundi. Kurudi juu ni kazi kuliko kushuka. Mwenye maradhi ya moyo, kifua au magoti aeleze hali yake kabla ya kuanza.

Kabla ya kulipa, tunakushauri udai maelezo kwa maandishi: jina na leseni ya kampuni, iwapo bei inajumuisha kiingilio, ada ya matembezi, askari, chakula na maji, na utaratibu wa kurejeshewa fedha safari ikiahirishwa. Dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na maandishi hayo ndiyo ushahidi wako.

Ukifika ziwani ukakuta heroe wamehama, hujadhulumiwa. Lakini askari uliyemlipia asipokuwapo, umedhulumiwa, usikubali kushuka.