Shangazi, nipeleke picha ipi?

Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Nyarugusu, mkoani Geita. Mchana nahesabu viroba vya mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, usiku nachora kwa kidole kwenye simu. Kuna shindano la sanaa za kidijitali mtandaoni, kila mtu anaruhusiwa kazi moja tu, na mwisho ni Ijumaa ijayo saa sita usiku. Ninazo tatu. Ya kwanza ni simba wa dhahabu juu ya jiji la maghorofa. Nilipoiweka stetasi kila mtu aliisifia, ila hilo jiji nililitoa kwenye programu ya akili mnemba. Ya pili ni twiga na mbuyu kwa mtindo wa Tingatinga. Ya tatu ni mama yangu akikamua dhahabu mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Nimeichora miezi miwili na nimeipa jina "Mateso ya Mwanamke". Rafiki zangu wanasema inatia huzuni, haiwezi kushinda. Mimi naogopa zaidi mama aione aseme nimemwaibisha. Sijamwonyesha. Nipeleke ipi?

Mchoraji, Nyarugusu

Mwanangu, picha zote tatu ulizoambatanisha nimezifungua. Peleka ya mama, lakini usiipeleke kabla hujaongea naye.

Nikueleze kilichonishika. Mtu ambaye hajawahi kufika mwaloni angemchora mama ameshika dhahabu ya njano inayometameta. Wewe umemwekea kiganjani kidonge cha kijivu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Umekulia hapo, unajua kwamba mchanga ukishaoshwa na kuchanganywa na zebaki kwenye karai, kinachobaki kwenye kitambaa baada ya kukamua ni kijivu, na njano haionekani mpaka kipite motoni. Kitambaa umekichora kimesokotwa hadi nyuzi zinaonekana zinavyovutika. Kucha ya dole gumba imepasuka katikati. Majaji wataletewa simba wa dhahabu wengi sana. Kidonge hicho sidhani kama kuna mwingine atakayewaletea.

(Na hili siwezi kulipita: mama asikamue kwa mikono mitupu, wala asichomee nyumbani. Moshi wa zebaki ni sumu, na watoto ndio unaowaumiza zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 kwa sababu ya sumu hiyohiyo.)

Simba mwache. Mwaka 2022 picha iliyotengenezwa kwa programu ya Midjourney ilipata zawadi ya kwanza katika kundi la sanaa za kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado, Marekani, na wachoraji wakaja juu. Tangu hapo mashindano mengi yameweka sharti kuhusu akili mnemba. Soma la kwenu linasemaje. Hata kama linaruhusu, jiulize utajibu nini ukiulizwa kwa nini ghorofa lile limekaa pale. Kuhusu ya mama unaweza kujibu hata ukiamshwa usingizini.

Twiga ni mzuri, rangi zimetulia. Ila Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu na mkono wake. Kilicho karibu na mkono wako ni mwalo.

Sasa tuje kwa mama, maana hapo ndipo penye uzito. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwandishi mchanga, gazeti nililokuwa nikifanyia kazi lilichapa picha niliyompiga mwanamke mmoja akiponda mawe, jasho likimtoka, kanga imemteleza begani. Sikumuuliza. Nilidhani namsaidia, watu waone anavyohangaika. Baadaye alilikuta gazeti lile limefungiwa maandazi gengeni. Aliponiona tena hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kwa nini hukuniambia nijifunge vizuri?" Swali lile ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo mwonyeshe. Subiri jioni akiwa amepumzika, mpe simu mwenyewe aishike, kisha unyamaze. Akisema hapana, basi ni hapana, na utapeleka twiga bila kinyongo. Akisema kidole hakikai hivyo wakati wa kukamua, kirekebishe. Na jina uliloipa futa kabla hujampa simu. Picha yenyewe haina mateso. Ina mtu anayejua kazi yake. Muulize yeye angeiitaje.

Kuna jambo moja la mkono wako. Umejaza mno. Nyuma ya mama kuna bodaboda tatu, muuza miwa, mawingu na bendera. Hapa kwetu Shinyanga, mwaka 1947, mgodi wa Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilipomaliza kukatwa ilibaki karati 23.6, na ndiyo ikatiwa kwenye bruchi. Kata, mwanangu. Acha mikono, karai, na nusu ya uso. Watu wengi huiona picha kwanza ikiwa ndogo kama stempu kwenye kioo, na kwa sasa, ikiwa ndogo hivyo, kidonge kinapotea.

Yaliyobaki ni ya haraka. Faili lolote usilipitishe WhatsApp kama picha, linabanwa na kupoteza ubora. Litume kama dokumenti, au lipakie moja kwa moja. Kama unachora kwa ibisPaint, hiyo inahifadhi video ya hatua za uchoraji, itunze, ndiyo ushahidi wako. Soma masharti ya haki. Kazi ni mali yako tangu ulipoichora, kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Kuwaruhusu waionyeshe ni kawaida, lakini wakitaka uwaachie haki zote daima, jitoe. Wakikwambia utume "ada ya uthibitisho" kwenye namba ya mtu, jitoe pia. Na saa sita ya usiku uliyoisoma, angalia ni ya nchi gani. Ikiwa ni ya Greenwich, kwetu itakuwa saa tisa usiku, ila usiusubiri usiku huo na mtandao wa Nyarugusu. Tuma Jumatano.

Ukishajua mama ameipa jina gani, niandikie. Ningependa kulijua.