Upande wa vola: somo la istilahi chini ya gari

Katika kozi ya tafsiri tunarudia swali lilelile kila mwaka: neno la ufundi litafsiriwe au likopwe? Hujibiwa kwa mifano ya kompyuta na ya sheria. Mimi napendekeza mfano wa mafuta na chuma, kwa sababu pale neno likikosewa gari halitembei.

Kwa wiki mbili nilifuata kazi moja katika gereji ya mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Pikapu ya zamani, Toyota Hilux inayobeba makala, ilikuwa na bwati otomatiki iliyochoka: moteri inanguruma, gari halivuti. Vipuri vya kuifungua bwati ile havikupatikana mtaani. Bwati ya gia za mkono, iliyotolewa katika Hilux nyingine, ilipatikana. Fundi mkuu alikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa. Vijana wanaojifunza kazi kwake huongea Kiswahili siku nzima, na Kifaransa wanakisoma kwa shida. Aliniomba niiweke karatasi ile katika lugha yao.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hakuna tafsiri. Katika gari la otomatiki, moteri huzungusha sahani nyembamba ya chuma, na sahani hiyo huzungusha chombo kilichojaa mafuta, ambacho ndicho kinachopeleka nguvu kwenye bwati. Gari la gia za mkono halina chombo hicho. Badala yake kuna gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya vilbreke (krenkishafti ya wenzetu wa Tanzania na Kenya), na diski ya ambreyaji hubanwa juu ya gurudumu hilo. Ukikanyaga pedali, diski inaachiwa. Ukiinua mguu, inabanwa tena. Kwa hiyo kubadilisha bwati si kutoa moja na kuingiza nyingine. Sahani nyembamba inaondoka pamoja na boliti zake, kwa kuwa gurudumu ni nene na boliti fupi hazishiki nyuzi za kutosha. Katikati ya ncha ya vilbreke inaingizwa rulema ndogo ya kushika ncha ya mti wa bwati. Ndani ya kabini inaongezwa pedali ya tatu.

Gurudumu lile zito Kifaransa hulitaja *volant moteur*, na mara nyingi hufupisha: *volant*. Ndilo neno lililokuwa katika karatasi, kwenye mstari unaohusu diski: *côté volant*, upande wa vola. Lakini kwa kila mtu wa Lubumbashi, mtoto na mzee, vola ni usukani.

Diski ya ambreyaji ina nyuso mbili zisizofanana. Uso mmoja ni bapa zaidi; wa pili una kitovu kilichojitokeza pamoja na resori zake. Uso bapa ndio unaoelekea gurudumu zito, yaani mbele, kwenye moteri. Usukani je, uko wapi? Uko nyuma ya moteri, upande uleule wa bwati. Kijana akisoma “upande wa vola” na akafikiria usukani, hatakosea kidogo: atageuza diski kinyume kabisa. Kitovu kitagusa boliti za gurudumu, diski haitaachia, gia zitasaga, na bwati nzima itashushwa upya.

Hofu hiyo si ya mezani. Nilimwona kijana mmoja ameshika diski, akiisogeza huku na huku, macho yakitafuta usukani. Fundi alimwambia bila kupandisha sauti: “Mutoto, hapana ile unashikaka na mukono. Vola ya moteri, ile inazungukaka kule mbele.”

Jibu hilo lina somo zima la istilahi. Fundi hakutafuta neno jipya. Aliliacha neno la Kifaransa, akaliwekea “ya moteri”, kisha akalitofautisha kwa kazi: moja inashikwa na mkono, nyingine inazunguka yenyewe. Wanaodai kwamba Kiswahili cha hapa kimeharibiwa na mikopo wasikilize sentensi hiyo. Mikopo yetu ina tabaka zake: reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, kwenye Kiingereza, na tukabaki na “motokari”, vipande vya ndani ya motokari tukavipa majina ya Kifaransa. Msemaji anayavaa yote kwa sarufi moja.

Je, ningeandika “flaiwili”, kama wasemavyo mafundi wa Dar es Salaam? Neno hilo lina faida ya kutochanganyika na usukani. Lakini Katuba hakuna anayelijua, na karatasi ya gereji haiandikwi kwa ajili ya kamusi. Tafsiri sisisi nayo ina hatari zake. *Cloche*, gamba linalofunika ambreyaji, lingekuwa “kengele”. *Roulement pilote* ingekuwa “rulema ya rubani”. Hizo zinachekesha tu, haziharibu kitu, kwa sababu hakuna kengele wala rubani katika gari wa kuchanganya navyo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaopima istilahi kwa usafi wake. Mimi ningeipima kwa swali moja: je, kuna kitu kingine karibu chenye jina hilohilo?

Niliandika: “upande wa vola ya moteri”. Fundi alisoma, akachukua kalamu, akafuta. Juu yake akaandika: “Uso bapa uangalie moteri. Uso wa resori uangalie bwati.” Nomino yenye utata imetoweka kabisa, na maana haikupungua hata kidogo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka: kiegemeo cha bwati kusogezwa, urefu wa karda kupimwa upya, mabomba ya kupozea mafuta ya otomatiki kuzibwa kwenye radiata. Siku ya kuwasha, stata ilikaa kimya. Bwati ya otomatiki huwa na swichi inayokataza gari kuwaka likiwa limeingizwa gia. Bwati imeondoka na swichi yake, waya umebaki wazi. Fundi aliuunganisha na swichi kwenye pedali ya ambreyaji, ili gari liwake pedali ikiwa imekanyagwa.

Mstari huo wa mwisho wa karatasi bado haujanitosheleza. Kifaransa kinasema *point mort*, vijana wanasema “pwamo”, vitabu vya pwani vinasema “gia huru”. Nimeacha “pwamo”. Anayelijua neno zuri zaidi linaloeleweka Katuba aniletee.