Baba anaikataa mofini kwa sababu ya choo

Mshauri, baba ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Tangu aanze mofini ya maji, ile ya kunywa kila baada ya saa nne, maumivu yalitulia na akawa analala. Sasa ana siku saba hajapata choo. Dozi ya usiku anaikataa, anasema heri maumivu kuliko tumbo hili. Tangu jana yanamtoka maji maji kidogo yanayochafua shuka, na shangazi ameshanunua dawa ya kuzuia kuharisha. Kaka anataka tupunguze mofini, eti ni dawa ya kulevya. Mimi ni binti yake, na baba anaona haya kuzungumza nami habari za choo. Tufanyeje?
Binti anayeuguza, Tanga

Mwanangu, naanza na lisilosubiri. Dawa aliyonunua shangazi baba asiinywe. Maji yanayomtoka mtu aliyekaa siku saba bila choo mara nyingi si kuharisha hata kidogo. Ni majimaji yanayopenya pembeni ya kinyesi kilichokauka na kuziba njia ya chini. Na loperamidi, ambayo ndiyo hasa huuzwa dukani kwa kazi hiyo, ni ya ukoo mmoja na mofini: inaufunga utumbo kwa njia ile ile. Mpigieni leo muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, au mpelekeni baba kituo alikopewa mofini, apimwe. Ikiwa njia imeziba, afunguliwe kwanza kutoka chini na mtu aliyefunzwa, kwa dawa ya kuweka au kwa maji. Kabla ya hapo msimnyweshe dawa kali za kuendesha. Akitapika, tumbo likivimba na kukaza, akishindwa hata kutoa hewa, huo ni mwendo wa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo miguu ikimlegea, makalio yakifa ganzi au mkojo ukigoma, maana saratani iliyoingia mifupa ya mgongo huweza kuubana uti wa mgongo, na kukosa choo kukawa dalili tu ya jambo kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye mzozo wa nyumbani kwenu. Baba anataka kuacha dawa, kaka anataka ipunguzwe, na wote wawili wanaamini jambo moja: kwamba nafuu ya maumivu lazima ilipiwe kwa tumbo kufunga. Hapo ndipo ninapopingana nao. Mofini hutuliza maumivu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vile vipokezi inavyovishika huko vimo pia katika kuta za utumbo, na inapovishika huku, misuli huacha kusukuma kwa mpangilio, majimaji yanayolainisha hupungua, mlango wa haja hukaza, na kinyesi kilichokwama kinaendelea kunyonywa maji hadi kiwe kokoto. Ni kazi mbili, mahali pawili. Ndiyo maana afyuni, inakotoka mofini, ilitumika karne nyingi kuzuia kuhara. Ushahidi ulio wazi zaidi ni dawa iitwayo methilinaltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008: huizuia mofini kufanya kazi utumboni, lakini huingia ubongoni kwa shida, kwa hiyo choo hufunguka na nafuu ya maumivu hubaki pale pale. Sikuambii ukaitafute, bei yake si ya watu wengi. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa, na vidonge vya bei nafuu vinaweza kuyatenganisha kwa kiasi cha kutosha kwa wagonjwa wengi.

Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo za mofini kwa kawaida huisha, mwili ukizoea. Utumbo hauzoei. Maadamu baba anakunywa mofini, choo kitaendelea kuwa kigumu, iwe mwezi wa kwanza au wa kumi. Kwa hiyo dawa ya choo hupaswa kuanza siku moja na chupa ya kwanza ya mofini, inywewe kila siku, na kipimo chake kipande mofini inapopandishwa. Mofini ya maji ya kunywa, ile iliyoenezwa na Hospice Africa Uganda tangu mwaka 1993, haikusudiwi kutembea peke yake. Shirika la Afya Duniani nalo limeziweka sanamaki na laktulozi, zote dawa za choo, katika orodha yake ya dawa muhimu, kwenye fungu la tiba shufaa. Ikiwa mlipewa chupa ya mofini bila dawa ya choo, hilo ni pengo la maagizo na mna haki ya kulidai lizibwe. Mara nyingi huanzwa na dawa inayosukuma utumbo, kama bisakodili ya miligramu 5, kidonge kimoja au viwili usiku, au vidonge vya sanamaki. Bisakodili imezwe nzima, isisagwe, wala isifuatane na chai ya maziwa, kwa sababu ganda lake likiyeyuka mapema tumbo litamnyonga.

Najua shangazi atasema mapapai na mboga zatosha, na katika miaka ya afya yake baba huenda zilimtosha. Papai apewe, uji apewe, maji apewe kadiri anavyoweza. Lakini nyuzinyuzi za chakula hufanya kazi kwa kuvimba na kuusubiri utumbo usukume, na utumbo wa baba hausukumi. Pumba na dona kwa wingi, kwa mgonjwa wa kitandani anayekunywa vikombe viwili vya maji kwa siku, huongeza mzigo tu. Majani ya sanamaki ya kuchemsha, ambayo pwani yetu inayajua tangu mababu, ni dawa ya kweli, ila katika sufuria hujui umempa kiasi gani. Kidonge kina kipimo. Wapo pia wanaoogopa kwamba dawa hizi huuzoesha utumbo uvivu. Ushahidi wa madai hayo ni hafifu kwa vipimo vya kawaida. Kwa mtu mwenye saratani ya mifupa, mimi nisingeyapa hata dakika tano.

Hoja ya kaka ni nzito zaidi, kwa kuwa akipunguza mofini ghafla ataona imefaulu: tumbo litafunguka, pengine kwa kuharisha, na atasema sumu imetoka. Kitakachokuwa kimetokea ni mwili kunyang'anywa dawa uliyoizoea, pamoja na jasho, msokoto wa tumbo, na maumivu ya mifupa kurudi kwa ukali wake. Kuhamia kodini au tramadoli hakumtoi baba kwenye tatizo, nazo hufunga choo. Na mtu anayekunywa dawa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu si mtumiaji wa dawa za kulevya. Hilo kaka alisikie kwa daktari mwenyewe, si kwako wewe mdogo wake.

Limebaki la haya, na pengine ndilo lililowafikisha siku ya saba. Usilazimishe. Yupo mjukuu wa kiume? Utani wa babu na mjukuu unabeba maneno ambayo binti hawezi kuyatamka. Ampeleke chooni asubuhi dakika chache baada ya chai, wakati ambao utumbo huamka wenyewe. Akikalia kiti, awekewe kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu kidogo, mlango ufungwe, na asiharakishwe. Kisha mjukuu aandike kwenye daftari: tarehe, kigumu au laini, alikamua au la. Muuguzi akiuliza, baba hatahitaji kufungua kinywa. Zikipita siku tatu bila choo, mpigieni muuguzi siku hiyo ya tatu.