Kifo Kisicho na Jina: Maradhi Sugu Mjini na Malishoni, Lodwar na Kakuma

1. Utangulizi

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii huchukulia kwamba mgonjwa anakijua alicho nacho, na kwamba anakificha kwa hiari yake. Je, yule ambaye ugonjwa wake haukuwahi kupewa jina na yeye mwenyewe, wala na muuguzi, wala na aliyeandika habari za kifo chake, kilio humfichua vipi?

Makala hii inanuia kulijibu swali hilo kwa kuangalia vifo vitokanavyo na maradhi sugu katika Kaunti ya Turkana, hasa mji wa Lodwar, mji na kambi ya Kakuma, na malisho yanayozizunguka sehemu hizo. Msomaji asishangae kuona mwanafunzi wa Kiswahili akiingilia uwanja wa madaktari. Hoja yetu ni kwamba tofauti ya vifo baina ya mji na malisho ni ya aina mbili. Moja imo mwilini, na hiyo tumwachie daktari. Nyingine imo katika hesabu ya vifo, na mzizi wake mmojawapo ni lugha.

2. Maana ya istilahi

Neno sugu hutaja ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, mathalani kiganja cha mkulima. Kutokana na maana hiyo tumepata mhalifu sugu, tatizo sugu na maradhi sugu, yaani jambo lililokaa muda mrefu likakataa kuondoka. Wizara ya Afya kwa upande wake hupendelea istilahi magonjwa yasiyoambukiza, ikikusudia maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari, saratani na maradhi ya muda mrefu ya mapafu.

Istilahi hizi mbili si visawe, na Turkana yenyewe inatupa ushahidi. Kwa miongo mingi eneo hili limejulikana kuwa miongoni mwa sehemu za dunia zenye visa vingi vya ugonjwa wa hidatidi, unaosababishwa na mnyoo wa mbwa. Mayai ya mnyoo huyo yakimwingia binadamu, uvimbe wenye maji hukua polepole katika ini au mapafu kwa miaka mingi. Shirika la AMREF liliendesha mpango wa kuudhibiti tangu miaka ya 1980, kwa dawa, upasuaji na mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. Huu ni ugonjwa sugu bila shaka, lakini hauwezi kuitwa usioambukiza. Zaidi ya hayo, ni ugonjwa wa malishoni, wala si wa mjini. Kwa hiyo dai kwamba maradhi sugu ni ya watu wa mjini lina kasoro tangu mwanzo.

3. Tofauti iliyo mwilini

Hata hivyo, dai hilo halikuzuka hivi hivi. Mfugaji wa Turkana ameishi kwa maziwa, damu na nyama, akitembea masafa marefu nyuma ya mifugo. Maisha hayo yalipata pigo kubwa katika ukame wa mwaka 1980 hivi, ambao Waturkana waliuita Lopiar, na watu wengi waliopoteza mifugo wakahamia vituo vya chakula cha msaada. Ukame umerudi mara kadhaa tangu hapo. Ule wa kuanzia mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa mwaka 2023 ulihusisha misimu mitano mfululizo isiyo na mvua ya kutosha. Kila ukame huongeza nyumba Lodwar, na kila nyumba mpya huanza kula unga, sukari na mafuta ya kupikia mahali pa maziwa.

Mwaka 2020, jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa Amanda Lea na wenzake kuhusu Waturkana wazima zaidi ya 1,200. Waliohamia mijini walikuwa na hali mbaya zaidi katika vipimo vingi vya afya ya moyo na damu. Jambo la kuzingatia ni kwamba wale walioacha ufugaji lakini wakabaki mashambani, wakiuza makaa au kusuka vikapu, hawakutofautiana sana na wafugaji. Aidha, waliozaliwa mjini walionekana kubeba athari zake hadi utu uzima.

Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2025 katika jarida la Science, ulitaja jeni liitwalo STC1, ambalo huisaidia figo kuhifadhi maji. Wengi wa Waturkana waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji mwilini, ilhali afya yao kwa jumla ilikuwa njema. Watafiti hao wanahofia kwamba mwili uliojengeka kwa maelfu ya miaka kukabiliana na jangwa huenda ukaelemewa na maisha ya mjini.

4. Kakuma: mji usio mji

Takribani kilomita 120 kutoka Lodwar iko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei ina zaidi ya watu robo milioni, wengi wao kutoka Sudan Kusini, Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mahali hapa hapaingii vizuri katika mgawanyo wa mji na mashamba. Msongamano wake ni wa mji, lakini umaskini wake ni wa nyika iliyokauka. Kwa miaka mingi chakula cha msaada kimekuwa hasa nafaka, kunde na mafuta, na mwaka 2025 mgao ulipunguzwa sana kwa ukosefu wa fedha. Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa achague chakula chake kwa uangalifu hushindwa kuelewa achague kutoka wapi.

5. Tofauti iliyo katika hesabu

Hadi hapa tumezungumzia hatari ya kuugua. Kuugua na kufa ni mambo mawili. Tuwawazie wazee wawili, na tuseme wazi kuwa ni wa kubuni. Wa kwanza anaishi Lodwar, ana shinikizo la damu, na ameanguka kwa kiharusi. Anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti na kufia huko. Daktari anajaza fomu ya kifo, ile iitwayo D1, na kuandika kiharusi. Wa pili ameanguka vivyo hivyo katika awi, yaani boma lake, mwendo wa siku mbili kutoka zahanati. Ndugu wamemwita emuron, mganga na mwaguzi wao, naye amefanya ajuavyo. Mzee amekufa usiku na kuzikwa. Kifo chake kikiandikwa, kitaandikwa na naibu wa chifu kwa fomu ya D2, kutokana na maneno ya jamaa. Jamaa watasema nini? Watasema alianguka, au alikuwa mzee.

Katika takwimu, Lodwar imepata kifo kimoja cha maradhi sugu na malisho hayakupata hata kimoja. Msomaji wa takwimu hizo atahitimisha kuwa malishoni watu hawafi kwa kiharusi, naye atapeleka dawa mjini. Kumbe ukimya umesomwa kama afya.

Haya yanatokea katika kaunti iliyokuwa na watu 926,976 katika sensa ya mwaka 2019, waliotawanyika katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 70,000. Tena, mtoto wa mfugaji mwenye kisukari kinachohitaji insulini yumo hatarini kuliko wa mjini, kwani dawa hiyo huhifadhiwa katika ubaridi, na joto la mchana huko mara nyingi hupita nyuzi 35.

Hali hii si ya Turkana pekee. Uingereza ya karne ya 19 miji ndiyo iliyoua zaidi. Marekani ya leo, kinyume chake, vijiji ndivyo vyenye viwango vikubwa zaidi vya vifo vya maradhi ya moyo. Mahali hapaui kwa kuwa ni mji au ni kijiji. Huua kwa kadiri ya chakula, umbali wa matibabu na umaskini.

6. Lugha ya mgonjwa

Sasa tuje kwenye uwanja wetu. Kwa watu wengi wa Lodwar shinikizo la damu ni presha, na kisukari ni sukari. Maneno haya ni mepesi, lakini yana mitego. Presha vilevile ni wasiwasi, kama mtu asemapo, usinipe presha. Mgonjwa aliyetulia moyo aweza kuamini kuwa presha imekwisha, akaacha dawa. Sukari humfanya mtu adhani kuwa akiacha chai tamu amepona, huku akiendelea na ugali kama kawaida. Na neno sugu ndilo lenye mtego mkubwa zaidi, maana tunasema pia kifua kikuu sugu, yaani kile ambacho dawa zimeshindwa kukitibu. Anayeambiwa kuwa ana ugonjwa sugu aweza kusikia hukumu: dawa haina faida. Ilhali maana iliyokusudiwa ni kinyume chake: utaishi nao, mradi hukuacha dawa.

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa kabisa. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba iliyo na vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Kipimo kitatoa tarakimu, lakini tarakimu haizungumzi. Mhamasishaji hana budi kuifasiri, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana.

7. Hitimisho

Huko Kilifi, Siaya na katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, watafiti wamewahoji jamaa za marehemu kwa maswali yaliyopangwa ili kukisia sababu ya kifo cha nyumbani. Njia hiyo yafaa malishoni pia, lakini itafaulu tu ikiwa maswali yatatungwa kwa maneno ambayo mjane wa Turkana huyatumia kueleza mkono uliolegea ghafla, mdomo uliopinda na kiu isiyokoma.

Hiyo ni kazi ya wanaisimu na wanafasihi, si ya daktari peke yake. Tumezoea kukusanya methali na ngano. Tukusanye pia majina ya maumivu kabla mzee mwingine hajazikwa akiwa ameandikiwa kwamba alianguka tu.

Maswali ya kujadili

1. Pendekeza istilahi ya Kiswahili inayoweza kuchukua nafasi ya maradhi sugu bila kumkatisha mgonjwa tamaa.
2. Katika lugha yako ya kwanza, kiharusi huitwaje, na jina hilo hudokeza kuwa kimesababishwa na nini?
3. Je, ni haki kusema kuwa eneo fulani halina ugonjwa ilhali halina rekodi? Jadili.