NYUMBA ZA KULALA WAPANDAO MLIMA KENYA

Mlima Kenya ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1949. Kilele chake kirefu, Batian, chafika mita 5,199, lakini chataka kamba na ujuzi wa kupanda majabali; kwa hiyo wageni wengi huishia Lenana, mita 4,985, ambako hufikiwa kwa miguu.

Wapitao njia ya Sirimon hukuta nyumba mbili za kulala. Ya kwanza ni Old Moses, mita 3,300. Ya pili ni Shipton, mita 4,200. Wako wadhanio kuwa nyumba hizo ni za kujikinga na baridi tu, na kwamba mtu mwenye nguvu aweza kuipita ya kwanza bila kulala. Hilo ni kosa kubwa.

Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Huko Lenana kila pumzi huleta zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni aipatayo mtu aliyeko Mombasa. Mwili hujizoeza, lakini polepole, wala nguvu za ujana haziharakishi kazi hiyo. Kwa hiyo wenye busara hulala Old Moses siku mbili kabla ya kuendelea.

Kichwa kikiuma na moyo ukichafuka, mtu asipande zaidi. Akipepesuka, au akihema hali ameketi, ateremshwe mara moja, ijapokuwa ni usiku. Kungoja mapambazuko kwaweza kumwua. Mlima hauhami: aliyeteremka salama aweza kurudi mwaka mwingine.