Daftari la Makosa: Shajara kwa Anayejifunza Kuandika Programu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka analijua hilo vizuri. Asipoandika kilichoingia na kilichotoka, mwisho wa mwezi anabaki kujiuliza hela imekwenda wapi. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu naye ana mali yake, nayo ni makosa anayofanya kila siku.

Wengi wetu mali hiyo tunaipoteza hivihivi. Programu ikigoma, tunabadilisha hapa, tunafuta pale, tunaomba desa kwenye grupu la WhatsApp, mara inakubali. Tunashangilia, tunafunga kompyuta, tunalala. Kesho yake ukiulizwa ilikuwa inagomea nini, huna jibu. Asaimenti utapata alama zako. Ila siku ya mtihani unapewa karatasi na kalamu, unaambiwa ueleze programu hii itatoa nini na kwa nini. Hapo grupu halipo, na sapu inakusubiri mlangoni.

Dawa yake ni rahisi: shajara ya kujifunza.

Hata wakubwa waliandika

Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo, amenasa kwenye swichi ya mashine. Walimtoa, wakambandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za mashine na kuandika maelezo pembeni. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa fani hii, alikuwa katika timu hiyo na ndiye aliyekieneza kisa chenyewe. Ukurasa ule, pamoja na mdudu wake, umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Donald Knuth alikwenda mbali zaidi. Alipokuwa akitengeneza TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, alianza mwaka 1978 kuandika orodha ya makosa aliyokuwa akiyagundua ndani yake. Mwaka 1989 alichapisha makala nzima kuhusu makosa hayo, akiwa ameyagawa katika mafungu 15, kila fungu na herufi yake. Huyu ni profesa mwenye jina kubwa duniani. Kama yeye aliona makosa yake yanastahili daftari, sisi wa mwaka wa kwanza tunaona aibu ya nini?

Uandike nini?

Usiandike "leo nimesoma lupu, ilikuwa ngumu." Sentensi hiyo haitakusaidia wiki ijayo. Andika mambo manne: nilichotaka, nilichotegemea, nilichopata, na sababu. Siri iko kwenye la pili. Unachotegemea kiandike kwa wino KABLA hujaiendesha programu. Tuchukue mfano wa Python. Unataka kujumlisha namba kuanzia 1 hadi 10:

jumla = 0
for n in range(1, 10):
    jumla = jumla + n
print(jumla)

Shajara itasomeka hivi:

Nilichotaka: jumla ya 1 hadi 10.
Nilichotegemea: 55.
Nilichopata: 45.
Sababu: pengo ni 10, yaani namba ya mwisho haikuhesabiwa. Kumbe range inasimama kabla ya kufika namba ya pili. Niandike range(1, 11).

Angalia jambo moja hapo. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Hakuna maandishi mekundu wala onyo lolote, imetoa 45 na kukaa kimya. Asiyekuwa ameandika 55 mapema angeiona 45, akasema "poa", akakusanya kazi. Tena lile pengo la 10 ndilo lililoonyesha kosa lilipojificha. Kompyuta inajua ulichoandika, haijui ulichotaka. Anayejua ulichotaka ni wewe peke yako, na ukishaona jibu ni rahisi sana kujidanganya kwamba ndilo ulilokuwa unalitegemea.

Jumapili ni siku ya hesabu

Mara moja kwa wiki, kaa chini usome kurasa zako na uyape makosa herufi, kama Knuth. M iwe ya mipaka, kama hilo la range. A iwe ya aina ya data: umepokea 5 na 3 kwa input, ukazijumlisha, ukapata 53, kwa sababu input inaleta maandishi, si namba. S iwe ya swali ulilolielewa vibaya. Baada ya wiki tatu utaona herufi moja inajirudia, na hiyo ndiyo ya kupigia msuli. Huna haja ya kurudia kozi nzima.

Je, akili mnemba? Itumie, ila kwa mpangilio. Kwanza andika unadhani tatizo ni nini. Kisha uliza. Kisha funga skrini na uandike maelezo kwa maneno yako. Ukishindwa kuyaandika, jua kwamba hilo bado ni desa, hata kama programu inakimbia.

Kwa asiye na laptopu

Shajara hii haihitaji umeme wala bando. Daftari la kawaida linatosha. Anayepanga foleni ya kompyuta za maabara ndiye anayefaidika zaidi: anafika akiwa ameshaandika programu yake kwenye karatasi, ameifuatilia mstari kwa mstari, na ameandika jibu analotegemea. Saa yake moja pale inakwenda kwenye kupima mawazo. Mwenzake aliyekuja mikono mitupu anaimaliza kwa kubahatisha. Na kufuatilia programu kwenye karatasi ndicho kitu chenyewe utakachoambiwa ufanye kwenye mtihani.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Usirembe, usitafute Kiswahili cha vitabuni, changanya lugha utakavyo mradi uelewe mwenyewe. Jaribu wiki tatu tu kuanzia leo, kabla msimu wa mitihani haujatubana. Programu yako ijayo, kabla ya kuiendesha, andika kwanza: nategemea nini?